Kalenda ya Ofisi ya Kijiji

Nimeipata bure duka la pembejeo,
juu picha ya trekta, chini siku mia tatu na ushee.
Sikukuu za taifa zimeshapigwa nyekundu kiwandani,
hizo hazinihitaji.
Mimi karani, Ilula, kando ya barabara kuu,
nimepewa penseli na vijumba vyeupe vilivyobaki:
kila mwenye siku yake ailete.

Januari wakaleta madeni.

Februari mvua ilipiga bati mpaka tukawa tunasomana midomo.
Bi Sekalinga akafungua viganja vyote, akavifunga, akavifungua tena:
ishirini, siku bomba lilipotoa maji mara ya kwanza.
Mwaka gani, mama?
Ule uliofuata unga wa yanga.
Nikaandika *maji*. Nikauacha mwaka ujitafute.

Machi, Chusi fundi baiskeli:
siku lori la matenga lilipopinduka Kitonga,
nyanya zikateremka mlima peke yao
na kaka yake akabaki ndani.
Hakutaka jina. Alitaka niandike *nyanya*,
ataelewa mwenyewe akipita.

Aprili, Muungano, nyekundu. Chini yake kwa penseli
harusi mbili zilizodumu na moja iliyoshindikana,
maana aliyeachika naye alidai kijumba chake.

Mei nilikuwa na homa. Mei msiniulize.

Juni baridi inakaa mifupani kama mpangaji asiyelipa.
Mzee Nyaulingo akaja na blanketi begani:
kumi na tisa, fuvu la Mtwa liliporudi Kalenga.
Baba yake alitembea kwenda kulipokea,
viatu mkononi, visichakae kabla ya heshima.
Nikaandika. Akalowesha kidole, akafunua ukurasa:
Julai, kumi na tisa vilevile,
Mtwa alipojipiga risasi asikamatwe.
Tukaitazama miezi miwili.
Kwenye kalenda, nikasema, anarudi kwanza, ndipo anakufa.
"Ndivyo ilivyokuwa kwetu," akasema.
"Tulikuta fuvu, ndipo tukahadithiwa mtu."

Agosti. Nane Nane walikwenda Mbeya kutazama ng'ombe walionona,
wakarudi na kofia za bure.
Kumi na saba ni Lugalo, hapo tu jirani.
Kuna mnara. Wageni waliokufa siku ile wamechongwa majina.
Lutengano, darasa la tano, aliyetumwa kuleta ufunguo wa stoo,
akauliza: wetu walikuwa wangapi?
Wazee wakatazamana
kama watu waliokumbuka usiku kwamba zizi halikufungwa.
Nilianza kuandika idadi, sikuwa nayo.
Nilianza kuandika jina, hata moja.
Penseli ikasimama palepale, mkono ukaelemea,
karatasi ikatoboka.
Tunduni ikachungulia Septemba.

Septemba bei ya tenga ilianguka. Hiyo haina tarehe,
ni mwezi mzima.
Oktoba thelathini, Kalenga ilipovunjwa kwa mizinga;
siku hiyohiyo mbuzi wa mwenyekiti alizaa watatu,
tukabishana mpaka taa ikaisha mafuta
kipi kikae juu.
Mbuzi akaandikwa pembeni, kwa herufi ndogo,
na mwenyekiti hajanisalimia tangu siku ile.

Novemba wote shambani. Nyeupe.

Desemba, Uhuru ulipopita, nikachana kurasa. Ndiyo desturi:
wazazi wanazigombania kufunika madaftari ya mwaka unaokuja.
Bi Sekalinga akaikunja Februari yake ndogo, ndogo zaidi,
akaifunga kwenye pindo la kanga, penye hela.
Chusi hakuja. Machi niliipeleka mwenyewe,
nikaichomeka kwenye spoku za gurudumu lililoning'inia mlangoni.

Agosti alikuja kuiomba Lutengano.
Ameigeuza, maandishi ndani, weupe nje,
kafunika daftari la hesabu, gundi ya ugali.
Lile tundu amelipanua kwa kidole,
nilidhani ni utundu wa mtoto.
Jana nililishika daftari. Tundu limeangukia jaladani
pale palipochapwa: *Jina*,
na mstari wa nukta nukta.

Hajaujaza bado.